Picha ya mchana kuganda hadi saa tatu usiku
Kama hapo Tanga jua limeshazama na tovuti yako ya hali ya hewa inang'ang'ania picha ya mchana mpaka saa tatu na ushei usiku, kosa ni saa ya seva: inasoma UTC (saa ya kimataifa), sisi tuko mbele kwa saa tatu. Usiandike saa 12 kamili jioni kwa mkono kuwa ndio mwisho wa mchana. Machweo huku huhama karibu nusu saa ndani ya mwaka. Kwenye PHP (lugha ya programu inayoendesha tovuti) tumia date_sun_info(time(), -5.07, 39.10), namba hizo zikiwa latitudo na longitudo ya Tanga, kisha linganisha time(), yaani saa ya sasa, na sunrise (macheo) na sunset (machweo) inazokurudishia. Zote ni sekunde za UTC, kwa hiyo saa za eneo hazisumbui tena. Alama ya kutoa kwenye -5.07 usiisahau, la sivyo unahesabiwa uko kaskazini mwa Ikweta, na Desemba usiku unaingia mapema kama robo saa.

Picha zipe majina ya alama za OpenWeatherMap (huduma ya mtandaoni ya taarifa za hali ya hewa): 10d.jpg mvua ya mchana, 10n.jpg ya usiku. Za simu au kamera zikiishia .JPG, seva ya Linux haioni kuwa ni .jpg, unabaki na kiboksi kitupu.