Wanakata Silabi Hadi Wanasahau Sentensi

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu wa darasa la pili. Wanafunzi wangu wanazijua silabi, lakini kila neno hulisoma kwa kulikatakata, na wakifika mwisho wa sentensi huwa wamesahau mwanzo wake. Nimewaandikia kadi ili wayakariri maneno kwa umbo lake, ila wakiyakuta maneno hayohayo kitabuni hawayatambui. Nifanye nini?

JIBU: Mwalimu, shida unayoieleza ilifafanuliwa mwaka 1974 na David LaBerge na S. Jay Samuels wa Marekani, walioonyesha kwamba umakini wa msomaji una kikomo, hivyo ukiishia kwenye kutambua herufi, maana hubaki bila wa kuishughulikia.

Kadi si mbaya. Tatizo ni kukariri umbo. Aliyekariri umbo la “kata” atalichanganya na “kaka”, kwa sababu neno hukaa akilini pale kila herufi inapofungamana na sauti yake na neno zima likafungamana na maana. Kwa hiyo mtoto alitamke neno, alisikilize silabi kwa silabi, aliandike, kisha alisome kwa mkupuo mmoja.

Katika Kiswahili kuna jambo jingine ambalo, kwa maoni yangu, tunalipuuza mno. Kitenzi kimoja huzaa maneno mengi: anasoma, walisoma, hatutasoma, hawakutusomea; hakuna kadi zitakazoyatosha yote. Zoesha viambishi kama vipande vizima, “ana-”, “wali-”, “hatuta-”, kisha uvibadilishe mbele ya mzizi uleule, na baadaye ubadilishe mzizi huku kiambishi kikibaki. Mtoto aliyevizoea hivyo huliona “hatutacheza” kama vipande viwili anavyovifahamu, wala si safu ya silabi tano ngeni.

Wape pia kifungu kifupi wakisome kwa sauti mara tatu au nne, baada ya wewe kuwasomea kwa lafudhi ya mazungumzo. Usiwashindanishe kwa saa, maana mtoto mwenye haraka huanza kubahatisha, na kubahatisha kwa kutazama picha ni tabia ngumu kuiondoa.

Ikiwa baada ya wiki kadhaa mmoja wao bado anakwama, msikilize peke yake uone anakwama wapi. Mara nyingi ni kwenye “mb”, “nd”, “mw” au tofauti ya “ng” na “ng’”, na hapo ndipo pa kurudia naye, kwa dakika chache kila siku.