Umeme katika Factorio: Punguza Matumizi Kabla ya Kuongeza Boila

Factorio ni mchezo wa kompyuta wa kujenga kiwanda kwenye sayari yenye wadudu wakali. Mchezaji wake anapoona mashine zake zimeanza kuzubaa kwa kukosa umeme, karibu kila mara hukimbilia kujenga boila nyingine, yaani mtambo unaochoma makaa na kutoa mvuke wa kuzungusha injini za umeme. Uamuzi huo unaeleweka, kwa sababu boila na injini za mvuke ni vitu vya bei nafuu, na makaa ya mawe huonekana kama hayataisha. Mimi nimecheza mchezo huu wa studio ya Wube ya Prague tangu toleo la 1.0 la mwaka 2020, na nimeendelea nao katika toleo la 2.0 lililotoka Oktoba 2024. Msimamo wangu ni kwamba boila mpya ijengwe baada ya kujua umeme unakwenda wapi, baada ya kulinda njia ya makaa, na baada ya kupunguza ulaji wa mashine zilizopo.

Ni vyema kuelewa kwanza upungufu unavyofanya kazi. Katika Factorio fyuzi haikatiki, wala hakuna mgawo wa kuzima mtaa huu na kuuacha ule ukiwaka. Upungufu hugawanywa kwa uwiano, hivyo mtandao unaozalisha asilimia 80 ya mahitaji huzipa mashine zote asilimia 80 ya umeme zinaoutaka, nazo zote hupunguza kasi. Hatari yake ni kwamba mashine za kuchimba makaa nazo zimo katika hesabu hiyo. Zikipunguza kasi, boila hupata makaa machache. Boila zikipata makaa machache, umeme hupungua zaidi, na uchimbaji huzidi kudorora hadi kiwanda kizima kinasimama.

Dawa yake ni kuutenga uchimbaji wa makaa na mtandao mkuu. Hesabu zake ni nyepesi: boila moja hutumia megawati 1.8 na huendesha injini mbili za mvuke za kilowati 900 kila moja. Kipande cha makaa kina megajuli 4, kwa hiyo boila 20 zinazofanya kazi kwa nguvu zote hula vipande 9 kwa sekunde, ambavyo huchimbwa na mashine 18 za umeme kabla ya kufanya utafiti wowote wa kuongeza tija ya uchimbaji. Mashine hizo 18, kwa kilowati 90 kila moja, zinahitaji megawati 1.62. Boila moja yenye injini zake mbili, iliyojitenga na nguzo zake yenyewe, inazitosha na kubakiza ziada kidogo. Kwa upande wa kulisha boila, napendelea ile mikono ya mitambo ya awali, ya kuhamisha vitu, inayotumia makaa badala ya umeme. Ni ya polepole na wengi huidharau, lakini hujichotea chakula chake kutoka kwenye makaa yale yale inayoyabeba, na kasi yake inatosha kabisa kwa mahitaji ya boila.

Njia ya makaa ikishakuwa salama, bofya nguzo yoyote ya umeme. Dirisha litakalofunguka huorodhesha matumizi kwa aina ya mashine, na orodha hiyo ndiyo mwongozo wako. Mara nyingi anayeongoza ni yule usiyemtilia shaka: mizinga ya leza, kwa mfano, hunyonya umeme hata siku ambayo hakuna mdudu aliyeusogelea ukuta, na minara ya kusambaza nguvu za moduli (vifaa vinavyopachikwa ili kubadilisha kasi au ulaji wa mashine) hula kilowati 480 kila mmoja iwe mashine zinazoizunguka zinafanya kazi au zimelala. Mtu akizungushia minara hiyo mashine zisizo na malighafi ya kutosha, analipia kasi ambayo hakuna anayeitumia.

Penye faida kubwa kuliko kote, kwa maoni yangu, ni kwenye moduli za ufanisi za daraja la kwanza. Kila moja hupunguza matumizi kwa asilimia 30, na mchezo hauruhusu mashine kushuka chini ya asilimia 20 ya matumizi yake ya kawaida. Mashine ya kuchimba ina nafasi tatu za moduli, kwa hiyo ukizijaza zote inashuka kutoka kilowati 90 hadi 18. Mashine 100 za kuchimba zilizokuwa zikila megawati 9 zitakula 1.8. Ni kweli kwamba moduli 300 hugharimu saketi nyingi, na ukilinganisha na bei ya boila nne utaona kama unadhulumiwa. Lakini uchafuzi hushuka pamoja na matumizi ya umeme: mashine iliyokuwa ikitoa vipimo 10 kwa dakika hutoa viwili, na wadudu wa sayari ile hushambulia kwa kadiri ya uchafuzi unaowafikia. Risasi na kuta zinazookolewa hazionekani kwenye dirisha la umeme, ingawa kwangu ndizo zinazofanya gharama ile istahili.

Matanuri nayo yanahitaji subira. Tanuri la chuma cha pua na tanuri la umeme huyeyusha kwa kasi ile ile, ila la kwanza huchoma makaa moja kwa moja na la pili hudai kilowati 180 kutoka kwenye mtandao. Kubadilisha safu ya matanuri 48 kwa mkupuo kunaongeza zaidi ya megawati 8.6. Nabadilisha pale tu ninapokuwa na moduli za kuweka ndani yake, vinginevyo nayaacha ya zamani.

Wanaotumia betri waongeze swichi ya umeme inayozitenga maabara za utafiti chaji inaposhuka chini ya asilimia 20, na kuzirudisha inapopita 80. Viwango viwe viwili, kwa sababu kikiwa kimoja swichi itawaka na kuzima bila kutulia. Kagua pia nyaya za nguzo, maana nguzo mpya hujiunganisha zenyewe na jirani, na waya mmoja unaopita kando ya swichi huifanya isiwe na kazi yoyote.

Kuhusu sola, paneli moja hutoa wastani wa kilowati 42 ukijumlisha mchana na usiku, na kila paneli 25 huhitaji betri 21. Zile megawati 7.2 zilizookolewa kwenye uchimbaji zingehitaji paneli zaidi ya 170 na betri zipatazo 144, pamoja na uwanja wa kuziweka, uwanja ambao kwa kawaida wadudu ndio wenyeji wake.