Mashine ya Boti Ikipungua Nguvu, Anzia Kwenye Tangi Kabla ya Kufungua Kabureta

Mashine iliyozima kabisa humlazimisha nahodha kutafuta sababu, lakini iliyopungua nguvu humshawishi aendelee na safari, na hapo ndipo penye hatari, hasa kwetu Pemba, ambako ukishakipita kisiwa cha Misali kuelekea magharibi kina cha bahari hufika mamia ya mita na nanga haina pa kushika. Kwa muda wote niliopeleka faiba, yaani boti ya fiberglass, kati ya bandari ya Wesha na Misali, kwa mashine ya zile zinazochanganyiwa oili ndani ya petroli, nimeona kwamba wengi hukimbilia kufungua kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ilhali kabureta aghalabu hupokea tu uchafu uliotoka kwenye tangi.

Kabla ya kushika spana, sikiliza. Ongeza mwendo wa mashine taratibu, kisha angalia kama mlio unapanda na boti haiendi, au kama mlio wenyewe unakataa kupanda. Hayo ni maradhi mawili tofauti, na anayeyachanganya atanunua vifaa asivyovihitaji.

Mlio ukikataa kupanda, anza na kifuniko cha tangi. Kina kiskurubu cha kupitishia hewa, na kikiwa kimefungwa mashine huenda vizuri kwa muda, kisha huanza kulegea kwa sababu mafuta yanayotoka hayapati hewa ya kushika nafasi yao. Legeza kifuniko, ukisikia hewa ikivutwa kuingia ndani, umeshapata jibu. Baada ya hapo tazama ile pampu ya mpira inayobinywa kwa mkono. Ikiwa imenywea na kubaki bapa, kizuizi kipo nyuma yake, yaani kwenye tangi au kwenye mpira unaotoka huko. Ikiwa mashine hupata nguvu kila unapoibinya, basi ama pampu ya mafuta ya mashine imechoka, ama kuna mahali mpira unavuta hewa, na mahali penyewe mara nyingi ni kwenye viungio, ambako jua huupasua mpira kwa nyufa ndogo zisizoonekana mpaka uukunje. Hakikisha pia kwamba mshale uliochorwa kwenye pampu hiyo unaelekea kwenye mashine, maana huwekwa kinyume mara nyingi kuliko watu wanavyokubali.

Maji ndani ya petroli ni jambo la kawaida wakati wa masika, hasa kwa anayenunua kwa madumu. Mimina kiasi kutoka chini ya tangi kwenye chupa inayoonyesha ndani na uiache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yatajitenga chini. Oili nayo ina kipimo chake: mashine nyingi za aina hii hutumia sehemu moja ya oili kwa 50 za petroli, yaani mililita 400 kwa lita 20, lakini zipo zinazotaka nusu ya hiyo, na kitabu cha mashine ndicho cha kufuatwa, si jirani pwani.

Mafuta yakiwa safi, fungua plagi zote na uzilinganishe. Silinda isiyochoma huacha plagi iliyolowa petroli, ilhali mwenzake ina rangi ya kahawia. Chumvi hula vikofia vya waya wa plagi kwa ndani, kwa hiyo vichungulie kabla ya kulaumu plagi. Usishike waya huo kwa mkono mashine ikiwa inafanya kazi, wala usijaribu cheche karibu na tangi lililo wazi.

Maji ya kupozea yanayoruka nyuma ya mashine nayo yatazamwe. Anayepita kwenye kina kifupi maji yakiwa yamekupwa huvuta mchanga, na mchanga hula mpira wa pampu ya maji. Kama mchirizi umekuwa mwembamba, zibua tundu kwa waya mwembamba. Kama hautoki kabisa, zima mashine hapo hapo, kwa kuwa pistoni iliyokwama kwa joto ni gharama isiyofanana na ya kukokotwa na mwenzako.

Sasa yale maradhi ya pili: mlio unapanda, boti haiendi. Propela nyingi zina mpira katikati unaoishika kwenye shafti, na mpira huo ukilegea shafti huzunguka peke yake. Piga mstari wa rangi kutoka kitovu cha ndani hadi sehemu ya nje ya propela, kisha endesha. Mistari ikiachana, propela imekwisha, ingawa kwa mwendo wa polepole itakufikisha bandarini. Ukiivua, tafuta mshipi au kamba ya mwani iliyojizonga kwenye shafti, kwani hukata sili, yaani mpira unaozuia maji kwenye shafti, maji yakaingia kwenye gia, na oili ya gia ikawa nyeupe mithili ya maziwa.

Ikiwa yote hayo ni mazima na boti bado ni nzito, ipandishe pwani na utazame tumbo lake. Faiba iliyokaa majini muda mrefu huota majani na chaza, na mara nyingine kinachohitajika ni kukwangua tu, si fundi. Fundi aitwe kupima mgandamizo wa silinda pale tumbo likiwa safi na nguvu bado hazijarudi.