USILIPE hiyo faini ya treni kama si wewe uliyekamatwa

Usilipe. Na usipige simu.

Kwa ambao hawajasoma mwanzo wa uzi: ndugu yetu yuko Uingereza, kapokea barua ya kampuni ya treni inayosema alikutwa ndani ya treni bila tiketi, akataja jina, tarehe ya kuzaliwa na anwani yake, na sasa kampuni inafikiria kumshtaki. Siku hiyo alikuwa kazini kutwa nzima. Anamhisi binamu yake aliyewahi kukaa kwake. Anauliza kama alipe yaishe, amfanye nini huyo binamu, na kama mwajiri wake atakuja kujua. Wachangiaji wa juu wanamwambia apige simu, aombe radhi, alipe, "kuliko kuhangaika na mahakama za watu".

Nimeyasoma hayo majibu damu inachemka. Ushauri huo huo nilipewa mimi, nikaufuata, ukanifikisha kwenye hukumu ya jinai kwa safari ambayo sikuipanda.

Barua yangu ilifanana na yako. Jina la ukoo lilikuwa limepungua herufi moja, vile ambavyo mtu angeliandika akilisikia kwa mdomo tu kwenye kelele za behewa. Nyuma yake kulikuwa na nakala ya fomu ya mkaguzi, na chini ya fomu kuna saini: mchirizi mmoja wenye kitanzi mwishoni. Mimi nasaini kwa kuandika jina langu lote kwa herufi zinazosomeka, na ndivyo ilivyo kwenye pasipoti yangu. Kwenye sehemu ya maelezo mkaguzi aliandika kwamba abiria ana nywele za kusuka. Mimi sijawahi kufuga nywele za kufikia kusukwa. Yaani ushahidi wa kunitoa ulikuwa ndani ya bahasha ile ile.

Badala ya kuutumia, nikaenda kwa bwana mmoja wa kwenye jumuiya yetu ambaye huwajazia watu fomu za viza kwa malipo. Kila aliyepata barua ya kutisha hukimbilia kwake. Ile fomu ya mkaguzi hakuifungua. Alisoma ukurasa wa kwanza akaniambia, "Hawa wanataka hela tu. Ukibisha wanakupeleka mahakamani, na ukishafika mahakamani viza imekwenda." Akaniandikia barua yeye mwenyewe, yenye sentensi ya kuomba radhi kwa kilichotokea na kuahidi kwamba hakitarudiwa. Nikatia saini. Nikalipa kampuni, na yeye nikamlipa.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo lilipo tatizo lenyewe. Malipo ya namna ile hayakusafishi. Yanafunga faili, ndiyo, lakini linafungwa likiwa na jina lako: fulani alikamatwa, akakiri kwa maandishi, akalipa. Ukiwa ulisafiri kweli na ukakosea, hayo ni makubaliano mazuri, yachukue. Kama hukuwepo kwenye hiyo treni, umejiandikia kosa kwa mkono wako na ukalilipia.

Na yule aliyetumia jina lako anafanya nini? Anaona jina limefanya kazi. Hakuna aliyemtafuta, hakuna aliyemuuliza. Wa kwangu akalitumia tena. Safari hii kampuni ilipotazama kumbukumbu zake ikakuta huyu ni wa mara ya pili, tena mara ya kwanza alikiri na kuahidi kutorudia. Nafasi ya kulipa yakaisha haikutolewa tena. Shauri likaenda mahakamani moja kwa moja, na mimi wakati huo nilikuwa nimehama nyumba.

Huko kuna utaratibu unaoitwa Single Justice Procedure, ulioanza mwaka 2015. Hakimu mmoja anakaa na mshauri wa sheria, anasoma makaratasi, anaamua. Mshtakiwa hayupo na hakuna kikao cha kuhudhuria. Unatumiwa notisi kwa posta na unapewa siku 21 za kujibu kama unakubali kosa au unakataa. Usipojibu, shauri linaamuliwa bila wewe. Usipotaja kipato chako, wanakukadiria wenyewe. Juu ya faini wanaweka nauli, gharama za kampuni na tozo ambayo kwa watu wazima ni asilimia 40 ya faini. Notisi yangu ilikwenda kwenye anwani ya zamani. Nilikuja kujua mama mwenye nyumba wa kule aliponipigia kwamba kuna bahasha ya mahakama. Nilipoifungua, hukumu ilikuwa imeshatolewa na kilichobaki ni tarehe ya kulipa.

Huyo bwana nilimpigia usiku ule ule. Akaniambia, "Lipa tu, mdogo wangu, mbona ni faini ya kawaida." Faini ya kawaida! Mtu anayejaza fomu za viza kila siku anajua, au alipaswa kujua, kwamba fomu hizo zinauliza kuhusu hukumu, na za uraia vile vile. Kwa maisha ya kawaida huko hukumu ya faini huhesabiwa imekwisha baada ya mwaka mmoja. Kwa mambo ya uhamiaji na uraia kinga hiyo haipo, unatakiwa uitaje. Alinitisha na viza ili nisibishe, na kutobisha ndiko kulikoiweka viza yangu hatarini. Bado yupo, bado anajazia watu fomu, na hilo linaniuma mpaka leo.

Kilichonitoa ni karani wa dirishani mahakamani, dada mmoja aliyenisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza swali moja: "Hii notisi ulijua lini?" Kisha akanieleza kuhusu tamko la kisheria, wao wanaita statutory declaration. Kama ulihukumiwa bila kujua kwamba kuna shauri, unakwenda kuapa kwamba hukujua, na unatakiwa ufanye hivyo ndani ya siku 21 tangu ulipojua. Ukichelewa, unaomba wakuruhusu kwa kueleza sababu. Tamko likipokelewa, ile hukumu inafutika. Lakini mashtaka yenyewe hayafi, yanaanza upya, na hapo ndipo unapokana kosa. Usiape uongo, maana tamko la uongo ni kosa la jinai kwa sheria ya mwaka 1911 na kifungo kipo.

Mashtaka yalipoanza upya, mwakilishi wa kampuni alitoa karatasi gani? Ile barua ya kuomba radhi. Akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, huku mimi nimesimama. Nikawa natakiwa nieleze kwa nini mtu asiye na hatia aliomba radhi. Ratiba yangu ya zamu ilikuwepo, saini hazikufanana, maelezo ya nywele hayakufanana, hatimaye wakaliondoa shauri. Ila kwa safari ya kwanza, ile niliyolipia, kamera ya kifuani ya mkaguzi ilikuwa imeshafutwa zamani. Hela haikurudi.

Kwa hiyo mleta uzi, usikubali mtu akuambie yaishe. Unachotakiwa ni kuandika. Kwa maandishi, kabla ya tarehe iliyotajwa kwenye barua, na ubaki na nakala. Kwenye simu utaongea na mtu mpole atakayekueleza namna ya kulipa, na kesho yake hakuna kumbukumbu kwamba ulikana. Kama barua imekupa njia ya barua pepe, tumia hiyo. Ukituma kwa posta, omba dirishani hati ya kuthibitisha umeposti, inatolewa bure.

Andika kwa ufupi. Abiria aliyekutwa tarehe hiyo hakuwa wewe. Ulikuwa kazini, na ratiba ya zamu au kumbukumbu za kuingia na kutoka umeambatanisha. Kama kadi yako ya benki ilitumika mahali pengine saa zile, weka na hiyo, ufiche mengine yasiyohusika. Weka nakala ya saini yako kutoka kwenye kitambulisho cha zamani, ili isionekane umebadilisha saini jana. Kisha waombe waweke shauri kando mpaka watakapolinganisha saini, maelezo ya umbo na picha za kamera. Usiweke neno "samahani" popote, hata lile la adabu la kuanzia barua. Sisi tumelelewa kuanza na samahani hata tunapodai haki yetu. Kule linasomwa kama kukiri.

Kuhusu kamera, harakisha. Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inakupa haki ya kuomba taarifa walizonazo kwa jina lako, bila malipo, na wanatakiwa wakujibu ndani ya mwezi mmoja. Lakini picha nyingi za kamera hufutwa baada ya mwezi hivi kama hakuna aliyeomba zitunzwe. Kwa hiyo ombi la kutunza picha liwe kwenye barua ya kwanza kabisa, litaje tarehe, saa na treni kama zilivyo kwenye fomu.

Kuna mchangiaji kasema haiwezekani mtu akatumia jina la mwenzake kwa sababu wakaguzi "wana mtandao". Wanachofanya mara nyingi ni kuulizia kama jina na anwani vinaoana, na daftari la wapiga kura ni mojawapo ya mahali panapotazamwa. Watanzania, Wakenya na Waganda wanaoishi kule kihalali wanaweza kuwemo kwenye daftari hilo kwa sababu nchi zetu ziko Jumuiya ya Madola. Kwa hiyo mtu aliyewahi kukaa kwako, anayejua jina lako lote, siku yako ya kuzaliwa na msimbo wa posta, anapita bila shida. Hakuna aliyemtazama usoni akalinganisha na picha. Ukilijua hilo unaacha kuiogopa barua. Inathibitisha kwamba mtu fulani alizijua taarifa zako, basi.

Na wale wanaosema "kampuni kubwa haiwezi kukosea", kumbukeni Agosti 2024. Hakimu Mkuu wa mahakama za mahakimu wa Uingereza, Paul Goldspring, alitamka kule Westminster kwamba kampuni za treni zilitumia utaratibu ule wa hakimu mmoja kwa mashtaka ya sheria ya reli ya mwaka 1889 ambayo hayakuruhusiwa kupitia njia hiyo. Kesi zilizoguswa zilikadiriwa kufika 74,000. Watu elfu sabini na kitu! Wangapi kati yao walilipa kimya kimya kwa sababu barua ilikuwa na nembo?

Sheria hiyo hiyo ya 1889, kifungu cha 5, inasema mtu aliyeshindwa kulipa nauli kisha akataja jina au anwani ya uongo anatenda kosa. Kwa hiyo mwenye kosa hapa yupo na anajulikana kisheria, na si wewe. Katika barua yako liseme hilo kwa upole: mimi na nyinyi tumedanganywa na mtu mmoja. Ukiandika hivyo unawapa mtu wa kumtafuta badala ya ugomvi na wewe. Jina la binamu usilitaje kama huna uhakika, lakini pia usilipe kwa ajili ya kumficha. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Wapo watakaosoma uzi huu wakiwa na karatasi tofauti na ya mleta uzi, basi kwa haraka. Kama ni nauli ya adhabu, ile ambayo kwa treni za England tangu Januari 2023 ni pauni 100 juu ya nauli, na inashuka kuwa 50 juu ya nauli ukilipa ndani ya siku 21, usivutwe na hilo punguzo. Siku 21 hizo hizo ndizo za kukata rufaa, na rufaa ina hatua tatu. Ukikata rufaa kwa wakati, hesabu ya siku inasimama mpaka ujibiwe. Kama ni notisi ya hakimu mmoja, jibu kwamba hukubali kosa, siku 21. Kama umeshahukumiwa bila kujua, tamko, siku 21 tangu ulipojua. Na kama kampuni inakuzungusha, Transport Focus kwa nje ya London na London TravelWatch kwa London na viunga vyake hupokea malalamiko ya abiria, ingawa hawana mamlaka juu ya shauri lililokwisha kufika mahakamani.

Ukihama nyumba, lipia huduma ya posta ya kuhamishiwa barua. Mimi hiyo siiachi tena.

Mleta uzi, tazama nyuma ya hiyo barua kama wameambatanisha fomu ya mkaguzi. Kama haipo, iombe. Ipige picha, uzibe jina, anwani na namba ya kumbukumbu, unitumie inbox leo hii tuiandike pamoja, maana umesema barua ina wiki moja tayari. Na wewe uliyemshauri apige simu aombe radhi, nakuomba uurekebishe mchango wako kabla hajaufuata.