Watu wamepunguzwa, pampu ni zile zile

Timu ya matengenezo mgodini ikitoka watu wanane ikabaki na watano, wakubwa husema tu: "Mtajipanga." Neno hilo liogopeni. Kama hakuna aliyeandika kazi ipi imefutwa, kazi zitajifuta zenyewe, na hufa kwanza zile zisizopiga kelele: grisi, vichujio, kusikiliza beringi. Baadaye giaboksi inashika usiku wa Jumapili na mnaulizwa mlikuwa wapi.

Kabla ya kubishana, pigeni hesabu ya saa. Sheria ya kazi ya Kongo-Kinshasa inaweka saa 45 kwa wiki. Watu wanane walikuwa na saa 360, watano wana 225. Fungueni daftari la hitilafu la miezi mitatu iliyopita. Tuseme dharura zinakula saa 90 kwa wiki. Mmebaki na 135. Kazi za ratiba zikiwa saa 210, basi saa 75 hazina mwenyewe. Pelekeni hiyo 75 kwa shefu, msimpelekee uchovu. Achague yeye kazi za kuacha, asaini. Akisema tu kwa mdomo, mwandikieni siku hiyo hiyo alichosema, wote muwe kwenye barua pepe.

Cha kuacha kipo. Giaboksi haina haja ya kufunguliwa eti kwa sababu kalenda imefika: chukueni sampuli ya mafuta, na isipokuwa na maji wala chembe za chuma, iacheni imefungwa. Vumbi jekundu la Katanga huingia kila kifuniko kinapoinuliwa. Pampu yenye mwenzake wa akiba nayo inaweza kungoja, ila huyo mwenzake awashwe kweli kila wiki. Aliyekaa mwaka bila kuzunguka si akiba, ni chuma chakavu. Kazi za pampu za kutoa maji shimoni msiziache, hasa Oktoba, mvua zikiwa mlangoni. Na mashine ambayo kipuri chake hakipo stoo isiwe ya kuachwa: kikitoka Afrika Kusini, bado kina foleni ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia.

Kazi nyingine haziachwi, zinahamishwa. Opereta anaweza kutazama kiwango cha mafuta, kusafisha na kusikiliza mlio, dakika kumi mwanzo wa zamu. Hata grisi anaweza kupewa, mkimpa namba badala ya kumwambia "tia kidogo". Zidisha kipenyo cha nje cha beringi kwa upana wake, vyote kwa milimita, kisha zidisha kwa 0.005, jibu ni gramu. Beringi 6313 ina kipenyo cha 140 na upana wa 33, kwa hiyo inataka gramu 23 hivi. Sasa piga bunduki ya grisi mara kumi juu ya mizani, gawanya uzito kwa kumi. Kila pigo likitoa gramu 1.2, ni mapigo 19. Andika 19 kwa rangi kwenye mota yenyewe. Mtu anayekimbia hupiga mpaka grisi itokee pembeni, halafu beringi inachemka kwa kushiba, na kosa wanatupiwa watengenezaji.

Kufuli za usalama, zile za kufungia swichi ili mashine isiwashwe ikitengenezwa, msizipunguze. Kila mtu kufuli yake na ufunguo wake, hata mkiwa wawili usiku. Timu ikipungua ndipo mmoja hufungia mwenzake "ili tuwahi", na ndivyo mkanda unavyowashwa mtu akiwa ndani.

Kuhusu anayeondoka: kisheria preavi yake, yaani notisi ya kuachishwa, mwajiri akivunja mkataba, ni angalau siku 14 za kazi, pamoja na siku 7 kwa kila mwaka kamili. Mwenye miaka sita ana siku 56. Mara nyingi hulipwa tu na kutolewa getini, kwa hiyo msingoje barua. Msimwambie mzee "tuachie kila kitu". Tembeeni naye mashine kwa mashine, simu ikirekodi, mkimuuliza: hii huwa inakusumbua nini? Ombeni nywila za PLC, kompyuta ndogo zinazoendesha mashine, na faili asili za programu. PLC nyingi za zamani hukupa programu bila maelezo. Maelezo yamebaki kwenye kompyuta yake, naye yuko njiani kurudi Likasi.

Kisha saa za ziada. Saa sita za kwanza kwa wiki huongezwa asilimia 30, zinazofuata 60, na za siku ya mapumziko 100. Aliyefanya saa 57 ana 12 za ziada: 6 mara 1.3, na 6 mara 1.6, jumla malipo ya saa 17.4. Wengi hulipwa 12, wakashukuru. Andikeni saa ya kuingia na kutoka kila siku, msimamizi asaini kila wiki, delege wa sendika, mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, apate nakala. Nyingine ibaki nyumbani, maana kadi ya getini huzimwa siku ile ile unapoitwa ofisini.