Maswali na Majibu: Pakiti moja inapoiangusha Wireshark

Nimetumiwa faili la pakiti. Nikilifungua, Wireshark (programu ya kunasa na kuchambua pakiti, yaani vipande vya data vinavyopita mtandaoni) inaganda na prosesa inapanda hadi asilimia 100. Kompyuta imezeeka?

Kompyuta haina kosa. Wireshark ina kichambuzi kwa kila itifaki (kanuni za mawasiliano) inayoitambua, na kichambuzi kilichoandikwa kizembe huamini lolote ambalo pakiti inajisemea. Chukua sehemu inayotaja urefu wa kipande. Mtumaji akiandika sifuri, kichambuzi kinasogea mbele baiti sifuri, kinasoma urefu uleule, kinasogea sifuri tena, na hapo hakitoki mpaka uizime programu. Sasisha, na mafaili ya watu usiowajua yafungulie kwenye mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako.

Sijapokea faili lolote. Niko salama?

Hapana. Ukiwa unanasa pakiti moja kwa moja, anayeweza kupenyeza pakiti moja mbovu kwenye mtandao huo ameshakufikia. Usitegemee ngome (firewall) ya kompyuta yako: kwa kawaida programu hizi hupokea nakala ya pakiti kabla ngome haijaikataa.

Ni programu kuzimika tu, data haijaibwa. Kelele za nini?

Kelele ni kwa sababu mvamizi anataka jicho linalomtazama lifumbwe kwanza. Niliwahi kuacha tshark, Wireshark ya mstari wa amri, ikinasa usiku kucha nikitafuta hitilafu. Asubuhi nikakuta imekufa tangu saa nane, na hitilafu ilitokea saa kumi. Siku hizi nanasa kwa dumpcap, programu ndogo inayokuja na Wireshark, ambayo haichambui itifaki, inaandika tu mafaili kwa zamu. Uchambuzi naufanya baadaye, pembeni. Wenye mitandao mikubwa nanyi fanyeni hivyo.

Naiendesha kwa haki za msimamizi mkuu ili ione kadi ya mtandao. Kuna ubaya?

Upo, na swali hili linarudi kila mara ilhali onyo limo kwenye maelekezo ya programu yenyewe. Dosari inayoonekana leo kuwa ya kuangusha tu, kesho mtu anaweza kugundua inaandika nje ya eneo lake la kumbukumbu. Hapo msimbo wa mshambulizi utaendeshwa kwa haki zako zote. Haki za kunasa ipewe dumpcap peke yake. Acha kuiendesha Wireshark hivyo leo hii.

Nikizima itifaki yenye udhaifu, inasaidia?

Ndiyo, hadi utakaposasisha. Kwenye menyu ya Analyze kuna orodha ya itifaki. Ondoa alama kwenye ile iliyotajwa katika tangazo la udhaifu.