Nusu marathoni tano kwa siku tano: miguu itafika?

Swali: Daktari, habari ya kazi. Sisi ni wakimbiaji wanane wa hapa Kondele, Kisumu. Likizo ya Desemba tunataka kukimbia nusu marathoni tano, kila moja kilomita 21.1, kwa siku tano mfululizo, Jumatano hadi Jumapili. Mimi nina miaka 38, kilo 65, na moja humaliza kwa saa mbili na dakika tano. Shida ni kwamba kesho yake hata kushuka ngazi nashika ukuta. Nitaamkaje nirudie? Na mwenzetu mmoja anashauri tumeze dawa ya maumivu kila asubuhi kabla ya kutoka. Ni sawa?

Jibu: Dada yangu, nianze na hiyo dawa, maana ndiyo iliyonishtua. Msimeze. Brufeni na diklofenaki hupunguza damu inayoingia kwenye figo, na mtu aliyetokwa jasho zaidi ya saa mbili katika joto la Kisumu, figo zake tayari zimeelemewa. Kufanya hivyo siku tano mfululizo ni kuzitafutia ugonjwa. Isitoshe, maumivu ndiyo yatakayokuambia mfupa umeanza kulalamika. Ukiyazima asubuhi, utakimbia bila habari.

Sasa hayo ya ngazi. Wengi husema ni asidi iliyobaki miguuni. Siyo. Asidi hiyo huondoka ndani ya saa moja au mbili baada ya kukimbia. Unachosikia kesho yake ni nyuzi za misuli zilizochanika kidogo kidogo, hasa kwenye mteremko, ambapo misuli ya mbele ya paja hufunga breki huku inavutwa. Uchungu huo hufika kileleni kati ya saa 24 na 72. Piga hesabu basi: wa Jumatano na wa Alhamisi utakutana Ijumaa. Siku ya tatu ndiyo mlima wenu, na urefu wake mtaupima wenyewe kwa jinsi mtakavyokimbia Jumatano.

Niliwahi kuhudumia kikundi kilichojaribu siku nne. Siku ya kwanza kijana mmoja aliwaacha wenzake mbali, wakamkuta ameketi kivulini kwa dakika ishirini akiwangoja. Siku ya tatu asubuhi nilimwona akishuka kwenye matatu kinyumenyume, mikono yote miwili imeng'ang'ania mlango, uso umekunjamana. Nilipomgusa paja lilikuwa gumu kama ubao. Hakukimbia tena wiki hiyo, na iliniuma, kwa sababu alikuwa na mapafu kuwashinda wote.

Kwa hiyo kasi. Saa mbili na dakika tano ni kama dakika sita kasorobo hadi sita kwa kilomita. Ongeza dakika nzima na zaidi: dakika 7 hadi 7 na robo kwa kilomita, umalize kwa takriban saa mbili na nusu. Najua utaona aibu. Lakini nenda Iten alfajiri siku ya mazoezi mepesi, uwaone wanariadha wa kimataifa wanavyoanza polepole mpaka mtu wa kawaida anaweza kuwafuata. Kipimo ni mdomo: uweze kumaliza sentensi nzima bila kuhema katikati. Na kwa kuwa mko wanane, mwenye mwendo wa polepole zaidi akae mbele, awe ndiye anayeshika mwendo. Hili nalisisitiza kuliko yote. Kikundi kikimwacha nyuma, yeye hujikaza kuwafikia, na ndiye atakayeumia kwanza.

Njia nayo ina neno. Siku mbili za kwanza kaeni kwenye tambarare, upande wa Ahero. Mlima wa Riat, barabara ya Kakamega, uacheni hadi Jumapili kama ni lazima, na hata hapo mteremko wake mteremke kwa hatua fupi. Tokeni saa kumi na moja na nusu alfajiri kabla jua halijachoma. Vaeni fulana zinazong'aa, kimbieni upande wa kulia mkitazamana na magari, na mwangalie bodaboda zisizo na taa.

Baada ya kufika, saa nne za kwanza ni za kula. Misuli imemaliza sehemu kubwa ya akiba yake ya wanga, na kesho inaitaka tena. Kwa uzito wako lenga gramu 65 hivi za wanga kila saa: ndizi mbivu mbili na kikombe kikubwa cha uji wenye sukari hutosha saa ya kwanza. Kisha ugali au wali, na protini ya kujenga zile nyuzi, mayai matatu au kipande kizuri cha samaki aina ya ngege. Jioni punguza githeri na sukuma. Ni chakula kizuri, ila tumbo litakusumbua njiani alfajiri.

Maji msiyanywe kwa kushindana. Jipime uzito kabla na baada ya kukimbia. Kila kilo iliyopungua, rudisha kama lita moja na nusu taratibu, pamoja na chakula chenye chumvi. Ukikuta uzito umeongezeka, umekunywa kupita kiasi, na hilo ni hatari kwa sababu chumvi ya damu hushuka.

Mkiwa na miezi mitatu, jengeni mfululizo wenyewe: kilomita 14 Jumamosi na 12 Jumapili, na baadaye siku tatu za 16, 14 na 12. Wiki yenu itakuwa na kilomita 105 na nusu, kwa hiyo asiyewahi kufikisha 50 kwa wiki namshauri akimbie siku mbili tu. Wiki tatu kabla, fanyeni mteremko mmoja wa wastani. Misuli ikishachanika hivyo mara moja na kupona, mara ya pili huumia kidogo sana. Viatu jozi mbili, mafuta ya mgando mapajani na vidoleni, na usingizi wa mapema.

Mapaja yote mawili yakiuma sawasawa, endelea taratibu. Ila ukisikia uchungu mahali pamoja juu ya mfupa, unapopagusa kwa kidole kimoja, au ukianza kuchechemea, siku yako imeisha. Mkojo ukiwa na rangi ya strungi, yaani chai isiyo na maziwa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kubalianeni kabla ya Jumatano kwamba anayesimama harudi nyumbani: anachukua baiskeli, anabeba maji na ndizi za wengine, na anafika nao Jumapili.